Kuinua Mkia wa Chevelle

Melini, *Wendell Ashcraft*
Ziwa Superior
9 Agosti 1984

Corinne,

Barua yako imenifikia kwenye malango ya kupitishia meli, huko Soo, pamoja na soksi. Asante kwa soksi.

Unauliza kama Lonnie anaweza kulitoa gari langu, ile Chevelle, nje alioshe. Hapana. Namjua mdogo wangu. Akianza kuosha ataishia kuwasha, na akishawasha ataishia mjini. Lifunike turubai, funga gereji, ufunguo kaa nao wewe. Na wewe pia usilikalie. Si kwamba sikuamini, ila kiti cha dereva nimekirekebisha kwa miguu yangu.

Najua linavyoonekana, limebweteka nyuma kama ng'ombe anayetaka kulala. Zile springi mbili za nyuma, za koili, zimechoka, ndizo lilizotoka nazo kiwandani mwaka sitini na nane. Nikifunga tairi pana sasa hivi, kila shimo la barabarani tairi zitasagwa na madigadi. Januari, barafu ikifunga ziwa, nitarudi nyumbani niliinue nyuma inchi mbili, mkia ukae juu kama zile Chevelle nyingine tulizokuwa tukizikodolea macho enzi za ujana. Nitafanya mwenyewe. Hilo nimeshalisema mara nyingi.

Huku ni kazi tu. Jumapili nitapiga simu kama tutakuwa bandarini.

Funga mlango wa nyuma ukienda kulala.

D. Tackett


Duluth, Minnesota
21 Septemba 1984

Ua la moyo wangu Corinne,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika afya njema na furaha tele. Mimi sijambo. Meli imesimama hapa Duluth kwa matengenezo, na mkono wangu wa kulia umeteguka kidogo, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Nimefikiri sana kuhusu gari. Sioni sababu ya kungoja Januari. Mwite Lonnie, mliinue nyuma nyinyi wawili sasa hivi, kabla ya theluji. Kazi si ngumu. Piga jeki, weka stendi chini ya fremu, wala si chini ya ekseli. Halafu nenda kwenye springi, zile za vyuma bapa vilivyolaliana, ufungue vishikio vyake vya nyuma na uweke vishikio virefu zaidi. Mkia utapanda wenyewe.

Likiisha, ujifunze kuliendesha. Sogeza kiti upendavyo.

Nakubusu kope zote mbili, na moyo wangu unabaki mikononi mwako.

Wako wa daima,
Delbert


Chillicothe, Ohio
28 Septemba 1984

Delbert,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Nina maswali, na naomba uyajibu yote, si lile moja utakalolipenda.

Kwanza, tangu lini mimi ni ua? Tumeoana miaka yote hii, na jina zuri kuliko yote ulilowahi kuniita ni "wewe". Pili, mtu aliyeteguka mkono anapataje mwandiko mzuri kuliko aliokuwa nao mzima? Herufi zako zilikuwa kama kuku wamepita kwenye unga. Hizi zimenyooka kama za cheti cha ubatizo. Tatu, Jumapili tatu sasa simu haijalia.

Hata hivyo nilifanya ulivyosema. Lonnie alikuja jana, akala kwanza, halafu akaingia chini ya gari na taa. Nilisikia ananung'unika peke yake kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "hapa hakuna mabapa."

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Kuna koili mbili, moja huku, moja kule. Mabapa hayapo. Labda yameibwa."

"Nani aibe springi za gari halafu aliache limesimama?"

Akamulika tena huku na huku. Akasema, "Mwizi stadi sana."

Nikaingia chini mwenyewe, nikiwa na barua yako mkononi. Delbert, ni koili. Wewe mwenyewe uliniandikia mwezi Agosti kwamba ni koili. Unalijua gari hili kuliko unavyonijua mimi. Inawezekanaje ukasahau limekalia nini? Lonnie anasema labda umegonga kichwa. Anacheka akisema, lakini nilimwona usoni, hakuwa akicheka.

Tumelirudisha chini. Niambie kunani.

Corinne


Duluth, Minnesota
6 Oktoba 1984

Corinne, nuru ya nyumba yangu,

Samahani kwa mkanganyiko. Ni koili, kweli kabisa. Nilichanganya na lori. Kichwa changu ni kizima, mwambie Lonnie.

Sasa fanyeni hivi. Gari likiwa juu ya stendi, wekeni jeki chini ya ekseli. Fungueni shokapu upande wa chini, kisha shusheni ekseli taratibu mpaka koili zilegee zenyewe. Usiingize mkono zikiwa bado zimebanwa, maana koili ikifyatuka inaondoka na mkono. Toeni za zamani, wekeni zile ndefu zilizo kwenye sanduku nyuma ya mlango, nilizinunua masika. Shokapu mpya ziko humo humo. Mkiinua nyuma, propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu nyuma, nayo itabadilisha mlalo wake. Gari likitetemeka ukienda kasi, Lonnie atajua la kufanya. Na angalia mpira.

Ukimaliza, liendeshe. Liendeshe mpaka mkono wako ulizoee. Ni lako.

Simu ya bandarini ni mbovu. Na usije huku, Corinne. Duluth ni baridi sana wakati huu, na hakuna cha kuona.

Wako mpaka nyota zizime,
Delbert


Chillicothe, Ohio
15 Oktoba 1984

Delbert,

Sijawahi kusema nataka kuja Duluth. Kwa nini unanikataza jambo ambalo sikuliomba?

Na gari ni langu tangu lini? Mwaka juzi ulimfukuza mchungaji gereji kwa kuegemea mlango wake. Leo unanipa kama mtu anayegawa nguo kabla ya safari. Unakwenda wapi?

Ijumaa niliipigia simu ofisi ya kampuni ya meli. Nikamwambia yule mwanamke mimi ni mke wa Delbert Tackett, nataka kujua meli itaondoka lini Duluth. Akaniambia ningoje. Nikasikia anafunika simu na kiganja. Aliporudi akasema meli iliondoka siku nyingi, iko njiani kwenda Indiana. Nikamwuliza, "Na mume wangu?" Akasema, "Mama, afadhali umwulize mwenyewe." Kwa sauti ya huruma. Kuhurumiwa na mtu nisiyemjua, Delbert, tena kwenye simu.

Basi nakuuliza. Nimeshafikiri yote, na moja tu ndilo linaloingia akilini. Kuna mwanamke hapo, ana mwandiko mzuri, amesoma, na anakuandikia barua za kunituliza mimi. Mwambie huyo dada kwamba mume wangu hajawahi kubusu kope ya mtu. Kama unataka kukaa naye, kaa naye, lakini niandikie mwenyewe, hata kwa mwandiko wa kuku.

Kazi tumeimaliza. Koili zimeingia, ingawa ya kushoto ilitusumbua, Lonnie akaitukana mpaka ikaona haya ikakaa. Sasa mkia uko juu. Nilisimama barabarani nikaliangalia kwa muda. Linapendeza, sitadanganya. Limeinamisha pua kama fahali. Mpira nimeukagua kama ulivyosema, tairi zote nne, mpya, hazina hata mkwaruzo. Kesho nitalitoa.

Sijui kwa nini bado nafuata maagizo yako.

Corinne


Chillicothe, Ohio
18 Oktoba 1984

Kwa wewe mwenye mwandiko mzuri,

Barua hii si ya Delbert. Ni yako wewe unayeandika badala yake, na naomba uisome mpaka mwisho.

Nililitoa gari juzi asubuhi, Lonnie akiwa kando yangu. Barabara ya kwenda Bainbridge ina kilima, unakijua au hukijui, si kitu. Kupanda tulipanda vizuri. Kushuka, nikakanyaga breki, mguu ukazama. Nikakanyaga tena, ukazama zaidi. Lonnie akapiga kelele, "Shemeji, breki!" Nikamwambia, "Unadhani nakanyaga nini?" Breki za mbele zilishika nusunusu, gari likayumba. Chini kulikuwa na kona, na kwenye kona kulikuwa na basi la shule limesimama na taa zinawaka. Nikakata usukani kulia. Tukavunja uzio wa mkulima mmoja, mzee Overly, tukaingia kwenye mahindi makavu, tukasimama. Lonnie hana jeraha. Mimi nimeshonwa kwenye paji la uso. Watoto kwenye basi walipiga makofi, walidhani ni mchezo.

Lonnie aliingia chini ya gari hapo hapo mahindini. Kutoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli kuna mpira mdogo unaopitisha mafuta ya breki. Ukiinua mkia, ekseli inakuwa mbali na fremu, na mpira unavutika. Wetu ulivutika mpaka ukakatika. "Angalia mpira", ndivyo ulivyoandika. Nikaangalia tairi.

Mume wangu ni mkali, ni mchoyo wa maneno, ana kila kasoro unayoweza kuitaja. Lakini asingeandika neno moja juu ya kitu hicho. Angeandika ukurasa mzima, na picha ameichora, na mstari ameupiga mara mbili. Kwa hiyo najua hakuandika yeye. Na kama alikutamkia, basi hakusoma ulichoandika. Kwa nini hakusoma?

Wewe ni nani? Yuko wapi? Ni mzima?

Corinne Tackett


Duluth, Minnesota
24 Oktoba 1984

Bibi Tackett,

Mimi si dada. Ninaitwa Arvo Lehtinen, ni mzee mjane, niliendesha malori ya magogo maisha yangu yote mpaka nyonga iliponishinda. Mwandiko nilifundishwa na mwalimu aliyetuchapa vidole kwa rula. Nimelala kitanda kilicho jirani na cha mumeo, katika hospitali, hapa Duluth.

Yuko hai. Hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Mwanzoni mwa Septemba bomba la mvuke lilipasuka melini karibu naye. Mkono wa kulia umeungua, na macho yote mawili. Yamefungwa bendeji tangu siku hiyo. Watu wa meli walitaka kukupigia simu, akakataa. Akasema atakuandikia mwenyewe. Halafu akageuza uso upande wangu akauliza, "Kuna mtu humu anajua kuandika?" Nikasema najua. Ndivyo nilivyoingia.

Mambo ya kope na nyota ni yangu, Bibi Tackett. Alikuwa akinitamkia kama mtu anayeagiza misumari. Nikaona mwanamke aliye mbali hawezi kupelekewa barua kavu kiasi hicho, nikaongeza. Springi za mabapa pia ni zangu. Alisema koili, lakini siku hiyo alikuwa amepewa dawa ya maumivu, nikadhani anaweweseka, maana lori lolote nililowahi kuendesha lilikuwa na mabapa. Nikamsahihisha. Barua yako ilipokuja nikamsomea, alinitukana kwa maneno ambayo hata katika kambi ya magogo sikuwahi kuyasikia.

Kuhusu mpira, alisema mengi. Alisema urefu, alisema wapi ununuliwe, alisema usiliendeshe gari kabla haujabadilishwa. Muuguzi aliingia katikati, karatasi ilikuwa inaisha, nikafupisha. Nilidhani wewe utaelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa.

Barua yako ya mwisho sijamsomea. Kila asubuhi anauliza, "Arvo, imekuja?" Nasema bado. Sijui nitamwambiaje kwamba nilikaribia kukuua.

Bendeji zitafunguliwa tarehe mosi Novemba. Alikukataza kuja. Mimi sikukatazi.

Arvo Lehtinen


Duluth, Minnesota
2 Novemba 1984

Lonnie,

Nimefika. Basi lilichukua siku mbili na shingo yangu haigeuki. Nakuandikia kutoka kwenye baraza ya hospitali kwa sababu sitaki kusema haya kwa simu, nitalia, na wewe utalia, na mama yako atakunyang'anya simu.

Niliingia wodini nikamwona kabla hajanisikia. Amekonda. Bendeji imemzunguka kichwa. Kitanda cha pili kulikuwa na mzee mwenye nyusi nyeupe, akaniona, akaona nyuzi kwenye paji langu, akashika shuka kwa mikono miwili. Nikajua ndiye.

Delbert akasema, "Arvo, nani kaingia? Muuguzi?"

Arvo akakosa neno. Mzee aliyejaza karatasi nzima kwa nyota na nuru, akakosa neno moja.

Nikasema, "Ni mimi."

Delbert akageuza kichwa upande wangu. Halafu akasema, "Nilikwambia usije."

"Hukuniambia wewe. Aliniambia Arvo."

"Nilimwambia akwambie."

"Basi mgombane nyinyi wawili. Mimi nimeshafika."

Akatafuta mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akakosa, akapata mkoba, akaushika huo mkoba kama vile ni mimi. Nikauondoa nikampa mkono. Ndipo Arvo akakohoa akasema kuna jambo la kusema kuhusu breki. Akasema yote. Lonnie, kaka yako hakumtukana hata kidogo. Aliinua mkono akanigusa uso, polepole, mpaka akafika kwenye nyuzi. Akazipitia moja moja.

Nikamwuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira tangu Ohio, njia yote nimepanga maneno, na swali lililotoka lilikuwa hilo tu.

Akasema, "Nilitaka gari liwe tayari kabla hujajua. Ukishajua, ukaona huwezi kuishi na mtu asiyeona, uwe na cha kuondokea."

Lonnie, sikujua nicheke au nimpige. Mpaka sasa sijui. Mtu huyu hakuniamini nikalie kiti chake, halafu analala gizani anapanga namna ya kunisaidia kumkimbia. Ni upendo huo? Au ni tusi? Nimemwuliza Arvo, yeye ni mtu wa asili ya Ufini, anasema kwao ni vitu vinavyofanana.

Jana bendeji zilifunguliwa. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linajua dirisha liko wapi. Daktari anasema huenda likaongezeka kidogo, huenda lisiongezeke. Nimeuliza maana ya "kidogo", akasema hajui.

Mwambie mama yako kwa upole. Kwanza mkalishe.

Corinne


Chillicothe, Ohio
9 Novemba 1984

Shemeji,

Mama nilimkalisha. Akasimama. Amefunga sanduku anataka kuja, nimeficha viatu vyake.

Sina cha kuandika kuhusu kaka. Nimeanza mara nyingi. Mwambie nimeweka mpira mrefu wa breki, nimetoa hewa yote, nimekanyaga pedali mpaka mguu umekufa ganzi, haizami. Na gari lilikuwa likitetemeka kweli ukienda kasi, nimerekebisha mlalo wa propela kwa vipande vya chuma, limetulia. Uzio wa mzee Overly nimeujenga. Alikuja kusimamia, akasema siku nyingine mpite getini.

Mwambie hivyo vya gari. Vingine utajua wewe namna ya kumwambia.

Lonnie


Chillicothe, Ohio
20 Januari 1985

Mzee Arvo,

Nashukuru kwa kadi ya Krismasi. Nilimsomea Delbert, hata pale pa malaika. Alisema, "Huyo mzee hajapona," lakini aliniomba nirudie.

Umeniuliza hali, nami sitakupambia. Siielewi nyumba yangu tangu turudi na Delbert. Mtu yumo lakini hayumo. Anaamka, anakaa kwenye kiti kile kile, anajua saa ngapi kwa kusikiliza redio. Nikimsaidia anakasirika, nisipomsaidia anajikwaa halafu ananyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Kuna siku nilimkuta amesimama kwenye korido, hajui chumba kiko upande gani, na hakutaka kuita. Nikajifanya napita na nguo za kufua, nikaimba, ili afuate sauti. Akafuata.

Gereji haingii. Nilimwambia, "Njoo uliguse, useme kama tumeliinua sawasawa." Akasema mimi simhitaji yeye kwa hilo. Nikamwambia sijalipanda tangu siku ya mahindi, nangoja turudi nalo barabarani pamoja. Akasema, "Basi utangoja." Sikujua kama ananionya au ananiomba.

Wiki iliyopita tulimpeleka Columbus, kuna shule ya watu waliopoteza macho ukubwani. Wanafundishwa kutembea na fimbo, kupika, kuandika, kila kitu upya. Nilileta Chevelle mlangoni, ikinguruma, iking'aa. Akasimama kwenye ngazi, akasikiliza, akamwambia Lonnie alete lori lake. Akaenda kwa lori. Mimi nikawafuata nyuma peke yangu, nikiuona mgongo wake kwenye kioo chao, na njia nzima hakugeuka. Angegeuka aone nini, nikajiambia, halafu nikaona haya kwa kufikiri hivyo.

Tangu nimwache huko hajaandika wala kupiga simu. Wewe ulilala jirani naye wiki nyingi, umesikia mengi kuliko mimi. Alikuwa akisema nini usiku wa maumivu? Au usiniambie.

Corinne


Columbus, Ohio
14 Aprili 1985

Corinne

Huyu ni mimi. Mkono wa kushoto. Wametupa ubao wenye mistari ya waya ili maneno yasipandane. Kama yamepandana soma yale ya juu kwanza.

Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka niandike mwenyewe. Nimechukua miezi hii yote kujua herufi. Kuna mama hapa anaitwa Odessa, amekuwa haoni tangu utotoni, ananisahihisha kwa kupitisha kidole. Akikuta kosa anagonga meza. Anagonga sana.

Nina mambo ya kusema, na sitayasema vizuri.

Siku ile bomba lilipopasuka sikuwaza wewe. Watu husema waliwaza wake zao. Mimi niliwaza gari, kwamba sijaliinua nyuma. Halafu nikalala nikaona haya kuwaza hivyo, na ile haya ndiyo iliyonifanya nikupe. Uliniuliza hospitalini nikakujibu habari ya kuondokea. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote.

Januari nilikataa kupanda kwa sababu nilikusikia ukilileta mlangoni. Ulibadilisha gia kwenye ule mteremko wa mbele ya nyumba, ikaingia laini kabisa. Mimi sijawahi kuiingiza laini pale. Nilisimama kwenye ngazi, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikasema lori. Ni ujinga, najua. Lonnie aliniambia hivyo njia nzima.

Odessa ameniuliza, mkeo akija atakuja kwa usafiri gani, kwa basi la abiria? Nikasema tuna gari zuri lakini halitoki, linaningoja. Akagonga meza. Akaniambia, "Linakungoja ufanye nini?" Nikafikiri siku nzima. Sikupata jibu.

Kwa hiyo usilingojeshe. Usiliuze na usilifunike. Nenda nalo kazini. Nenda nalo dukani, pakia viazi kwenye buti. Likichubuka, lichubuke. Mvua ikinyesha, linyeshewe. Sitauliza.

Jicho la kulia bado linajua dirisha tu. Wamesema litabaki hapo. Sasa nimeshasema.

Ijumaa tunaruhusiwa kutoka mpaka Jumapili. Kama unataka kuja, njoo, na uje nalo. Usimtume Lonnie, na usihangaike kunitafuta ndani. Nitakuwa nimesimama kando ya barabara na fimbo yangu. Nitakusikia kabla hujaipita taa ya mwisho ya barabarani, nami nitainua mkono.

Delbert